Simu Inayorudi

Watu wa avenyu ile ya Cimpunda walikuwa na namna mbili za kumsalimia Bibiane. Akipita na kifuko chake cha nyuzi za sufu walimwita Maman Triko, wakamuuliza sweta za shule zitakuwa tayari lini, wakamlalamikia mvua. Akipita na simu mkononi walimwitikia kwa kidevu tu, na maneno yaliyokuwa yakichemka mlangoni yalipoa ghafla kama uji uliosahaulika. Simu yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubonyeza, kifuniko chake cha nyuma kimefungwa kwa uzi wa bluu uliobaki kwenye kazi ya kufuma. Lakini kwenye mteremko ule, ambako kila mwaka udongo hula nyumba mbili tatu, watu waliiogopa simu ile kuliko walivyouogopa udongo.

Alipewa kazi ya simu hiyo wakati wa mlipuko wa mpox, ule ugonjwa wa homa na vipele. Kituo cha afya kilikuwa kinatafuta mtu wa kila avenyu atakayetoa habari, wale wanaoitwa reko, na Bibiane alichaguliwa kwa sababu tatu ambazo hakuna hata moja aliyoiona kuwa sifa: mwandiko wake ulisomeka, alikuwa mjane na hivyo hakuna wa kumkataza kutoka, na betri yake ilikuwa imejaa siku zote kutokana na kibao cha jua kilichokuwa juu ya bati lake. Mtu akifa, kwa ugonjwa wowote, hata kwa uzee, alitakiwa kupiga namba fupi isiyolipiwa kabla ya siku kwisha, ataje jina, umri, nyumba, na alivyougua. Mtoto akizaliwa, vilevile, maana ugonjwa ule ulipenda wachanga. Kisha redio ikatangaza kwamba mlipuko umekwisha, mahema yakakunjwa, waliokuja na magari wakarudi walikotoka. Namba ikabaki. Moto ukizimwa, lazima abaki mtu wa kuchunguza majivu.

Upande wa pili wa namba hiyo kulikuwa na kijana aliyeitwa Josué. Bibiane hakuwahi kumwona. Alimjua kwa kukohoa kwake kabla ya kuuliza swali, na kwa jinsi alivyosema "pole, maman" kila mara, hata pale marehemu alipokuwa mzee wa miaka tisini ambaye watoto wake wenyewe walikuwa wamechoka kumngoja.

Watu hawakuchukia kule kupiga. Walichukia simu kurudi. Siku mbili baada ya kila kifo, ofisi ile ilimpigia mtu wa familia, ikauliza yale ambayo kilio kilikuwa kimewasahaulisha. Kwa Papa Akonkwa, shefu wa avenyu, simu ilirudi Jumanne saa nne asubuhi kuuliza habari za baba yake. Jioni ile ile mdogo wake akaanguka na pikipiki kule Panzi, akafa. Tangu hapo ikawa neno la kila mdomo: ukiipigia simu ile kwa ajili ya maiti mmoja, inarudi kuchukua wa pili. Familia zikaanza kutoa namba za uongo. Wengine walikuwa wakitoka makaburini wanatoa kadi kwenye simu, wanaifunga kwenye ncha ya kikwembe walichojifunga kiunoni kwa wiki nzima. Bibiane alieleza kwenye foleni ya maji, akaeleza mlangoni pa kanisa, akasema simu haina meno. Waliitikia wote, ndiyo, ndiyo, maman, kisha wakaendelea kufunga kadi zao.

Naye pia alikuwa ameharibika kwa namna yake. Kazi ile ilikuwa imemfundisha kushuku. Aliona viti vilivyoazimwa vingi kuliko wageni, akashuku. Aliona sufuria kubwa ya maharagi mahali wanapokaa watu watatu, akashuku. Hakujipenda alipokuwa hivyo. Lakini ndani ya sanduku lake kulikuwa na sweta tatu za bluu, saizi tatu, ambazo hazikuchukuliwa. Zilikuwa za watoto wa Consolate, jirani wa chini. Mwanzoni kabisa mwa ugonjwa yule mkubwa alifichwa, akazikwa bila mtu kuambiwa, na ndani ya siku tisa wakafuata wawili. Angetajwa mmoja, wangebaki wawili. Bibiane hakuwahi kumwambia mtu sentensi hiyo. Alijiambia mwenyewe kila alipoona mlango umefungwa mchana.

Basi mwezi wa tatu Emmanuella, binti wa miaka ishirini aliyeolewa na Placide, alijifungua mapacha, wanaume wote wawili, Lucien na Parfait. Placide alikuwa Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, na nyumba ikawa mikononi mwa mama yake, Koko Bintu, sasa bibi wa mapacha, mwanamke mrefu wa Bunyakiri asiyependa kuuliza wala kuulizwa. Bibiane alimpigia Josué, akawaandikisha wote wawili. Kisha akawafumia kofia mbili za manjano, akazifunga kila moja kwa utepe, akazipeleka kama zawadi.

Mwezi wa tano, akipita njia ya juu ya nyumba ile, aliziona kofia zimeanikwa kambani. Zilikuwa mbili, kama inavyotakiwa. Kesho yake tena mbili. Siku ya tatu akasimama. Mwenye kufuma hatazami kofia kama watu wengine wanavyoitazama. Moja ilikuwa imelegea, imechukua umbo la kichwa, imebaki na doa la maziwa ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa kulitoa. Ya pili ilikuwa imefuliwa, imelowa, inadondosha maji kama mwenzake, lakini haikuwa imevaliwa kwa siku nyingi. Fundo la utepe wake lilikuwa limekazana, fundo ambalo hakuna mkono uliolifungua kwa siku hizo zote.

Akaingia uani. Koko Bintu alikuwa akichambua lengalenga pamoja na wanawake wawili wa jirani. Parfait alikuwa mgongoni mwa Emmanuella, amefunikwa mpaka kichwani. Bibiane akasalimia, akauliza habari za mvua na za Placide, kisha akauliza lililomleta.

"Koko, na yule mwenzake iko wapi?"

"Alienda kuchota maji," akasema Koko Bintu, bila kuinua macho kwenye mboga.

Bibiane alifikiri anachekwa. Alikuwa amechekwa mara nyingi kwa ajili ya simu ile, na siku hiyo uvumilivu wake ulikuwa mfupi. Akajibu kwa mzaha wa foleni ya kisimani: "Mutoto wa miezi mbili? Na bidoni ya litre ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanawake aliinuka, akaenda zake bila kuaga. Emmanuella aligeuza uso ukutani.

"Ya kadiri yake," akasema Koko Bintu.

Alirudi kwake amekasirika, na hasira yake ikazaa mashaka ya kila rangi. Labda mtoto alipelekwa Luberizi kwa baba yake. Labda alipewa mtu tasa wa ukoo. Labda kuna jambo baya zaidi, ambalo mikono ya bibi inalijua. Binti yake Elodie, aliyekuwa na miaka kumi na tano na ulimi wa miaka arobaini, alimwangalia akiandika alama ya kuuliza kwenye daftari, akamwambia kwamba siku hizi anawatazama watu kama polisi wa barabarani anavyotazama gari lenye mzigo. Siku ile Bibiane hakumpigia Josué. Angesema nini? Kwamba kofia haijavaliwa?

Asubuhi ya pili, kabla mashine ya kufumia haijapata joto, Emmanuella alikuja peke yake. Alikuwa na kofia moja ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa ile yenye doa la maziwa.

"Unipanulie, maman," akasema. "Inamubana. Kichwa ya mutoto imetoka vitu."

Bibiane hakuitoa mfukoni. Aliona kupitia plastiki: kwenye sufu ya ndani, pale paji la uso linapogusa, kulikuwa na maji ya njano yaliyokauka na kushika nyuzi. Alikuwa ameona hayo mwaka uliopita kwenye nguo za watoto wa Consolate.

"Na ile ingine?"

"Ile ingine haibane mutu," akasema Emmanuella, na macho yake yakabaki makavu. Ndipo Bibiane alipogundua kwamba binti yule alikuwa ameshikilia kilio kwa siku nyingi, kama mtu aliyebeba chungu kichwani asiyeweza kukohoa.

Akamweleza kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Katika ukoo wa Placide pacha hafi. Akitangulia mmoja, wanasema ameenda kuchota maji. Hawalii, hawaweki tawi la msiba barabarani, hawataji neno lenyewe, maana yule aliyebaki anasikia. Akisikia, atamfuata. Nguo za wote wawili zinaendelea kufuliwa, mpaka aliyebaki aote meno. Koko Bintu mwenyewe alizaa mapacha zamani, huko Bunyakiri. Mmoja alipoondoka yeye, akiwa bado msichana, alilia, hakujizuia. Siku ya tatu wa pili akaondoka pia. Sasa alikuwa amekaa mlangoni kwa Parfait kama mlinzi, na adui aliyemngoja alikuwa mtu mwenye simu.

Bibiane alitaka kusema kwamba labda wale wa Bunyakiri pia walikuwa na ugonjwa mmoja. Akayameza maneno hayo. Mama aliyezika wawili haambiwi hivyo na mtu wa Mumosho kama yeye, aliyekuja mjini na mashine ya kufuma. Akauliza tu tangu lini Parfait hanyonyi. Tangu jana, akaambiwa.

Walipofika uani, Koko Bintu alikuwa amesimama. Alimwangalia Emmanuella mara moja, akaelewa kofia imeenda wapi. Hakumgombeza. Alikaa juu ya kizingiti, akaufunga mlango kwa mwili wake.

Bibiane akapiga magoti, si kwa heshima tu, bali ili macho yao yalingane. Alimwambia kwamba yule aliye ndani anaweza kutibiwa bila kulipishwa, na kwamba watu wa kumchukua hawawezi kuja bila simu. Koko Bintu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anajua simu zinavyofanya. Wanakuchekea usoni, halafu wanaongea Kifaransa pembeni, halafu watu wanakuja. Kama Bibiane anataka kupiga, apige hapo hapo, sauti iwe wazi, yeye asikie kila kitu. Na kuna neno moja ambalo halitatajwa katika nyumba ile.

"Likitajwa na weye ao na ule kijana wa simu," akasema, "nafunga mulango, na hakuna mutu atamuona huyu mutoto tena."

Bibiane akaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Akabonyeza namba. Alijua kwamba swali la kwanza la Josué, kila siku, bila kukosa, lilikuwa na neno lile lile ndani yake.

Ikaita. Akakohoa mtu.

"Alo, maman Bibiane. Pole. Jina ya mare..."

"Ngoja, Josué," akamkata. "Sauti iko wazi, familia inasikia. Leo usiniulize maulizo yako. Fungua kitabu ya mwezi wa tatu. Nilikuandikisha nini kwa nyumba ya Placide?"

Ikasikika sauti ya vidole kwenye kompyuta. Emmanuella alikuwa ameshika ncha ya kikwembe kwa meno.

"Watoto wachanga," akasema Josué. "Wanaume, bapacha, wawili."

"Sasa niko ku nyumba ile. Niko naona mumoja."

"Na mwingine iko wapi?"

Koko Bintu aliinama mbele. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya ubao wa mlango.

"Josué, niko nakuambia kile naona. Niko naona mumoja. Ule mumoja iko na homa, na vipele ku uso na ku mikono, na anakataa ziwa tangu jana."

Wiki iliyopita watu walikuwa wamewaita Josué na wenzake kwa uongo mpaka Nyamugo, kumbe mgonjwa ni mbuzi, wakawacheka. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu anayesikiliza nyuma ya maneno.

"Maman, ni weye kweli? Hakuna mutu anakulazimisha?"

"Hakuna. Walikuwa wangapi, na naona wangapi? Hesabu tu, mwanangu."

Jogoo wa jirani akawika bila sababu. Kisha Josué akakohoa.

"Nimehesabu," akasema. "Tunakuja."

Koko Bintu alishusha pumzi, lakini mkono haukutoka mlangoni, kwa maana Josué alikuwa bado na jambo moja, lile lililokuwa kwenye karatasi yake na ambalo hakuweza kuliruka.

"Nipe namba ya familia, ya kupigia kisha siku mbili."

Bibi kizee alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Kiganja chake kilifunika simu, na kinu kikayumba. Alimwangalia Bibiane. Avenyu nzima ilijua habari za Akonkwa na Jumanne yake.

Bibiane angeweza kutoa namba ya uongo, kama wengine. Josué asingejua mpaka apige. Lakini alikuwa amechoka na uongo wa pande zote mbili. Akakishika kile kiganja, akakisogeza taratibu.

"Andika yangu," akasema.

"Yako ninayo, maman, ya kazi. Karatasi inataka ya familia."

"Familia ni miye. Mukirudisha simu, irudi kwangu."

Simu ikakatika. Koko Bintu alikuwa anamtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza, na kutazama kwenyewe hakukuwa na urafiki. Alikuwa anatafuta mtego uko wapi.

"Uko na mutoto ku nyumba," akasema.

"Niko naye, koko."

"Na unajua ile simu."

"Najua vile banasema."

Bibi akaitafakari ile njia ndogo kati ya maneno mawili, kujua na kujua wanavyosema. Hakuonekana ameridhika. Lakini akainuka kizingitini, na mlango ukawa wazi.

Wauguzi wawili walikuja kwa miguu, maana gari halishuki mteremko ule. Koko Bintu aliwakagua mifuko, akawauliza majina ya baba zao, akadai kofia zote mbili ziende pamoja na mtoto. Hawakubisha. Emmanuella akaondoka na Parfait kifuani. Muuguzi mmoja alipofungua mdomo kuuliza habari za pacha wa pili, Bibiane alimshika mkono, akateremka naye mpaka chini kwenye migomba, mbali na masikio ya nyumba. Huko akalitaja neno lenyewe, na jina la Lucien, na siku, na mahali alipozikwa, kama Emmanuella alivyomwambia. Mle uani halikutajwa.

Bibiane alikuwa amekubaliana ishara na Emmanuella: kila asubuhi bipu moja kutoka kituoni, kama mtoto amenyonya. Kesho yake saa moja simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Bibiane akacheka peke yake. Siku hiyo alifuma mikono miwili ya sweta, akasimulia habari za kinu na jogoo, na Elodie akamwigiza Josué akikohoa.

Lakini habari ilikuwa imetangulia kwenye foleni ya maji. Hawakumwitikia tena kwa kidevu. Walimsalimia vizuri, vizuri mno, kisha macho yao yakateleza hadi kwa Elodie na kukaa hapo, kama watu wanavyoitazama nyumba ambayo ukuta wake umeanza kupasuka juu ya mteremko. Papa Akonkwa mwenyewe alikuja kumuuliza kama binti anaendelea vizuri. Kwa nini asiendelee vizuri? Usiku ule Elodie alipiga chafya, na Bibiane akaacha kuhesabu safu za sufu, akaanza upya.

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Saa moja bipu ikaja: amenyonya tena. Hapo Bibiane angepaswa kutulia. Badala yake alimkataza Elodie kwenda kwa rafiki yake kwa pikipiki. Saa mbili akamkataza kupanda juu ya bati kufuta kibao cha jua. Hakutoa sababu. Alikuwa mwanamke aliyesema mbele ya kanisa kwamba simu haina meno, na alikuwa anaitazama juu ya meza, pembeni ya mashine, kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani asiyefungwa.

Saa nne ikalia. Haikuwa bipu. Iliendelea kulia, ikitambaa polepole kwenye meza kwa kutetemeka kwake.

Elodie alikuwa tayari mlangoni, bidoni ya njano mkononi, kandambili moja mguuni anatafuta ya pili.

"Mama, telefone. Miye naenda kuchota maji."

Bibiane aliinuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Weka bidoni chini."

"Sababu gani? Maji imekwisha tangu jana."

"Weka. Nitachota miye mwenyewe."

Elodie alimwangalia, akaiangalia simu, akaelewa. Akaweka bidoni chini. Hakucheka, ingawa kona moja ya mdomo ilitaka.

"Mama," akasema. "Hata weye?"

Bibiane aliivuta bidoni kwa mguu mpaka ikamgusa, akabonyeza, akaweka simu sikioni. Upande wa pili mtu alikohoa, akauliza kama anaongea na familia ya mtoto Lucien.

"Ni miye," akasema Bibiane, na macho yake hayakumwacha Elodie mpaka swali la mwisho.